Kamera Mahali pa Watu Wasiovaa Nguo

Mtu aliyevua nguo zake zote kwa hiari, akalala mchangani mbele ya mamia ya watu ambao nao wamevua zao, ana haki gani ya kulalamika anapopigwa picha? Swali hili huulizwa kwa kejeli zaidi kuliko kwa kutaka jibu, na aghalabu muulizaji huwa amekwisha kulijibu moyoni mwake: asiyejisitiri, husema, hana sitara ya kudai. Sikusudii kuhukumu mwenendo wa watu hao, kwa kuwa dini na mila za kwetu zimekwisha kusema yao waziwazi. Nakusudia kulichukua swali hilo kama wanavyolichukua majaji na watunga sheria wa nchi ambamo desturi hiyo imekuwako kwa zaidi ya karne moja, hususan Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, na kuonyesha kwamba jibu la kejeli, ingawa ni jepesi kutamka, halistahimili mizani ya hoja. Madhali kuonekana ni jambo moja na kunakiliwa ni jambo jingine, ridhaa ya la kwanza haiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa ya la pili. Na kasoro kubwa ya sheria nyingi nitakazozitaja ni kwamba huuliza mtu alikuwa wapi, pahala pa kuuliza aliridhia nini.

Unaturisti, yaani desturi ya kuogelea, kuota jua na kustarehe bila nguo pamoja na wengine, ulipata makao yake ya mwanzo Ujerumani, ambako Paul Zimmermann alifungua bustani ya Klingberg, karibu na mji wa Lübeck, mwaka 1903. Ufaransa, ndugu wawili madaktari, Gaston na André Durville, walianzisha kijiji cha Héliopolis katika kisiwa cha Levant mwaka 1931; kijiji cha Montalivet, katika pwani ya Atlantiki, kikafunguliwa mwaka 1950, na hapo ndipo Shirikisho la Kimataifa la Wanaturisti lilipoundwa mwaka 1953. Katika vijiji na vilabu vya namna hii sharti la kamera ni miongoni mwa masharti ya kwanza anayosomewa mgeni: ama kamera imekatazwa kabisa, ama hairuhusiwi ila kwa idhini ya kila mtu atakayeingia pichani. Walakini jumuiya hii inayoiogopa kamera ndiyo iliyoenezwa na kamera. Majarida yake, kama Health & Efficiency la Uingereza na Sunshine & Health la Marekani, yaliishi kwa picha za watu walio uchi, na hilo la pili lilishindana na idara ya posta, iliyokataa kulibeba kwa hoja kwamba ni chafu, hata Mahakama ya Juu ya Marekani ikalipa ushindi mwaka 1958. Wapinzani wameona unafiki katika jambo hili. Mimi siuoni, kwa sababu aliyesimama mbele ya kamera ya jarida alijua kuwa anapigwa picha na alijua picha itakwenda wapi, ilhali aliyelala usingizi ufukweni hakujua hili wala lile.

Ni ajabu, na pia ni jambo la kufundisha, kwamba haki ya mtu juu ya sura yake, katika Ufaransa na katika Ujerumani, ilizaliwa kando ya vitanda vya maiti. Rachel, mwigizaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza wa Paris, alifariki Januari 1858. Dada yake alikuwa ameagiza marehemu apigwe picha iwe kumbukumbu ya jamaa peke yao, kisha mchoro uliotokana na picha hiyo ukaonekana ukiuzwa, na mahakama ya Seine, mwezi Juni wa mwaka huo huo, ikaamuru mchoro na nakala zake vikamatwe, ikitamka kwamba umaarufu wa mtu haumpi mwingine ruhusa ya kueneza sura yake akiwa juu ya kitanda cha mauti bila ya idhini ya ahali zake. Miaka arobaini baadaye, saa chache baada ya Otto von Bismarck kufa nyumbani kwake Friedrichsruh tarehe 30 Julai 1898, wapiga picha wawili, Willy Wilcke na Max Priester, walipenya chumbani usiku kwa msaada wa mtu wa nyumbani waliyemhonga, wakaipiga picha maiti, wakaanza kutafuta mnunuzi. Wanawe walishitaki, na Mahakama Kuu ya Dola, mwezi Desemba 1899, ikawapa haki. Lakini kwa kuwa hapakuwa na sheria yoyote iliyosema kwamba sura ya mtu ni amana yake, majaji walilazimika kushika hoja ya uvamizi, kwamba wanaume wale waliingia nyumba ya watu bila ruhusa na hawastahili kunufaika na walichokichuma humo. Aibu ya upungufu huo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1907, ambayo vifungu vyake juu ya picha vinatumika Ujerumani hata leo.

Msomaji atauliza maiti wa Bismarck ana uhusiano gani na mwota jua wa pwani ya Baltiki. Maiti huonekana: jamaa huingia, majirani huingia, waombolezaji hupita mmoja mmoja wakamtazama, na hakuna anayedhulumiwa. Wala hakuna aliyesema kwamba, kwa vile watu wameruhusiwa kumtazama marehemu, basi yeyote mwenye kamera ana haki ya kuitwaa sura ile na kwenda kuiuza. Mipaka ya macho na mipaka ya kamera ilitofautishwa hapo mwanzoni kabisa, tena katika hali ambayo mwenyewe hawezi kujisitiri wala kukataa.

Kifungu cha 22 cha sheria hiyo ya 1907 chasema kwamba picha ya mtu haienezwi wala haionyeshwi hadharani ila kwa ridhaa yake, na kifungu cha 23 kikatoa ruhusa chache: watu wa historia ya zama hizi, mikutano na maandamano, na watu wanaoonekana kama nyongeza tu kando ya mandhari ya nchi. Hii ya mwisho ndiyo inayopendwa na watalii wanaosema kwamba walikuwa wakipiga picha ya bahari. Lakini sheria yenyewe imeongeza kwamba ruhusa hizo hukoma pale zinapoudhuru upande wa mpigwa picha katika jambo analostahiki kulilinda, na uchi wa mtu, kwa fikra za majaji wa Ujerumani, ni katika mambo ya ndani kabisa yanayostahiki ulinzi huo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kesi ya mtu aliyekubali picha yake ya uchi itiwe katika kitabu cha shule cha elimu ya viumbe, kisha akaiona picha hiyo imeonyeshwa katika televisheni. Ikahukumiwa kwamba ridhaa ya kitabu haikuwa ridhaa ya televisheni. Ridhaa, kwa maneno mengine, ina kipimo, na haivuki kipimo hicho kwa sababu tu imewahi kutolewa.

Ila sheria ya 1907 inakataza kueneza, haikatazi kupiga. Pengo hilo lilizibwa kwa kiraka mwaka 2004, Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani ilipoongezewa kifungu cha 201a, kinachomtia hatiani ampigaye mwingine picha, akauvamia upande wa ndani wa maisha yake, huyo mwingine akiwa nyumbani au katika chumba kilichokingwa mahususi na macho ya watu: sauna, msalani, chumba cha kubadilishia nguo, hata bustani iliyozungukwa na ua mrefu. Kiraka kingine kilifuata Januari 2021, wapenyezao kamera chini ya sketi za wanawake walipowekewa adhabu. Tazama basi matokeo yake: kifungu hiki cha pili hulinda sehemu za siri kwa kadiri zilivyofunikwa zisionekane, kwa hiyo mwanamke aliyevaa sketi katika treni analindwa kwa jinai, na mwanamke aliyelala uchi katika ufuo wa wazi, au katika majani ya bustani ya Englischer Garten mjini Munich ambako kuota jua bila nguo ni ada ya miaka mingi, hapati chochote katika kifungu hicho. Hubakiwa na dai la madai, yaani ampeleke mpigaji mahakamani kwa gharama yake mwenyewe, kama anamjua jina.

Ufaransa imeifikia hali hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kifungu cha 9 cha Sheria yao ya Madai, kilichoandikwa upya mwaka 1970, chasema kwamba kila mtu anastahiki kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na majaji wamekitanua kikafika kwenye picha; jinai nayo humtisha kwa kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 45,000 yule anayempiga mtu picha bila ridhaa mahali pa faragha. Kijiji chenye lango na mlinzi kinaweza kudai kuwa ni mahali pa faragha, ila ufukwe wa umma hauwezi. Mwaka 2016 Bunge la Ufaransa liliongeza kosa la kueneza picha zenye sura ya kijinsia bila ridhaa, ziwe zimepigwa faraghani au hadharani, adhabu yake miaka 2 na euro 60,000, na hapa mtu angedhani tatizo limekwisha. Bado. Wanaturisti wamehubiri tangu siku ya kwanza kwamba uchi wao hauna uhusiano na tamaa ya mwili. Na wakili wa mshitakiwa, akiwa hodari, atayachukua mahubiri yao wenyewe ayasome mbele ya hakimu, kwamba picha ya bibi anayecheza mpira wa wavu bila nguo haina jambo la kijinsia, kwa hiyo haimo katika kosa. Imani yao huwapokonya ngao yao.

Uingereza haina haki ya sura kabisa, na hili huwashangaza wageni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2003 iliweka kosa la kuchungulia, lakini kwa masharti mengi: mtazamwaji awe katika kitendo cha faragha, mahali anapotarajiwa kupata faragha, na mtazamaji awe anatafuta ashiki. Mwaka 2008, katika kesi ya Bassett, mtu aliyemrekodi kwa siri mwanamume mwenye kaptula ya kuogelea katika mabafu ya bwawa alifutiwa hatia, kwa kuwa kifua wazi cha mwanamume, walisema majaji wa rufaa, hakimo miongoni mwa viungo ambavyo sheria hiyo ilikusudia. Kisha ikaja Sheria ya Usalama wa Mtandaoni ya 2023, iliyoanzisha kosa la kumwonyesha mwingine picha ya mtu akiwa utupu bila ridhaa yake, ikitumika tangu 31 Januari 2024. Lakini watungaji waliacha mlango. Hakuna kosa ikiwa picha ilipigwa mahali ambapo umma au sehemu ya umma huruhusiwa kuingia, aliyemo pichani alikuwa utupu kwa hiari yake, naye hakuwa na sababu ya maana ya kutarajia faragha dhidi ya kupigwa picha. Ukisoma maneno hayo, hasa ya hiari na ya umma, unauona ufukwe wa wanaturisti umechorwa ndani yake, na kilichosalia kumlinda mtu ni sharti hilo la tatu peke yake.

Sharti hilo ndilo linaloipa kanuni ya mlangoni uzito usiodhaniwa. Kibao kilichopigiliwa langoni, kinachosema kwamba kamera ni marufuku, si nasaha ya adabu tu: ndicho kinachomfanya kila aliyeingia atarajie, kwa sababu ya maana, kwamba hatapigwa picha, na ndicho kinachomfunga mdomo mpigaji anayetaka kusema kuwa hakujua. Klabu isiyo na kibao imewauza wageni wake kwa uzembe. Vilabu vingi vya usiku vya Berlin, ambavyo si vya wanaturisti, vimezoea kubandika stika juu ya kamera ya simu ya kila anayeingia, na sioni kwa nini mahali ambapo watu huvua nguo pazembee kuliko mahali wanapocheza dansi. Hata hivyo uwezo wa mwenye mahali una kikomo: anaweza kumtoa mtu nje, kumfutia uanachama, kumzuia asirudi, hana ruhusa ya kumnyang’anya simu kwa nguvu na kufuta alichoona hakifai, bali amwite polisi. Na ufukwe wa umma, usio na lango wala mlinzi, hauna wa kubandika stika. Mji wa Rostock, katika pwani ya Baltiki, ulitunga kanuni mwaka 2024 inayoruhusu kuwaondoa watu waliovaa nguo katika sehemu zilizotengewa wasiovaa. Wako waliocheka magazetini kwamba sasa mwenye nguo ndiye mkosaji, lakini anayeijua hali ya fukwe hizo anajua kwamba aliyevaa akakaa pembeni na simu mkononi ndiye anayewatia wengine wasiwasi.

Marekani sitakaa sana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 dhidi ya kuchungulia kwa video inatumika katika ardhi ya serikali ya shirikisho peke yake, na hata huko, kama katika ufukwe wa Gunnison ulioko Sandy Hook, humlinda mtu aliyetarajia kwamba viungo vyake havitaonekana na umma, jambo ambalo aliyevua mbele ya umma hawezi kulisema. Uhuru wa kupiga picha hadharani una mizizi mirefu katika katiba yao, na mwenye kuogopa kamera huambiwa aende katika klabu ya binafsi.

Maneno ya maana kuliko yote, kwa maoni yangu, yalitoka Strasbourg, katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi isiyohusu uchi hata kidogo. Mpiga picha wa kliniki moja ya Athens alimpiga picha mtoto mchanga wa siku 1, akawapelekea wazazi kuwauzia. Wazazi wakakataa, wakataka negativu, wakanyimwa. Mahakama za Ugiriki zikayatupa madai yao. Mwaka 2009, katika hukumu ya Reklos na Davourlis, Strasbourg ilisema kwamba sura ya mtu ni sifa kuu ya nafsi yake, na kwamba haki ya kuimiliki huanza pale inaponaswa, haingoji mpaka ienezwe. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo iliilaumu Sweden kwa kutokuwa na sheria iliyomlinda binti wa miaka 14 ambaye baba yake wa kambo alificha kamera bafuni. Sweden ilikuwa imekwisha kutunga sheria mpya mwaka huo, lakini nayo, kwa bahati mbaya, ilihesabu mahali: nyumbani, msalani, chumba cha kubadilishia nguo. Juu ya watoto sina haja ya kurefusha. Mtoto hawezi kuridhia, na ridhaa ya mzazi leo haitamsitiri akiwa mtu mzima. Klabu yoyote yenye akili hukataza picha zao moja kwa moja, na Ujerumani ilikaza jinai juu ya biashara ya picha za watoto walio uchi mwaka 2015.

Upande wa mtandao, Kanuni ya Ulaya ya Kulinda Data, inayotumika tangu 25 Mei 2018, husamehe mambo ya mtu na nyumba yake, kwa hiyo albamu ya familia haihusiki. Lakini Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua tangu 2003, katika kesi ya Lindqvist, kwamba kuweka habari za watu katika intaneti ambapo kila mtu aweza kuzifikia si jambo la nyumbani tena. Anayeipandisha picha ya ufukwe mtandaoni hubeba wajibu wa kisheria, na aliyemo pichani ana haki ya kudai ifutwe, ingawa kila aliyewahi kujaribu kuzikusanya nakala zilizokwisha kusambaa anajua thamani ya haki hiyo.

Pwani yetu haina vijiji vya unaturisti, wala sipigi debe viwepo. Lakini nani wa Unguja, Lamu au Mombasa asiyejua harusi ya wanawake, ambamo kina mama na mabinti huingia na buibui, wakavua, wakabaki na nywele zao, mapambo yao na magauni yao, wakacheza wao kwa wao, na mlangoni amesimama shangazi mkali anayekusanya simu? Wote waliomo ndani wanaonana; hakuna anayesitirika na mwenziwe; na bado picha moja ikivuja, hapana mtu wa pwani atakayesema kwamba waliovua walijitakia. Twaijua tofauti ya jicho na kamera vizuri sana inapowahusu dada zetu. Bibi zetu hawakupata shangazi wa kuwakingia mlango: wapiga picha wa zama za ukoloni waliwasimamisha vifua wazi, wakawauza Ulaya kwa kadi za posta, na sidhani kama aliyeinunua kadi aliwahi kujiuliza iwapo mwanamke yule aliombwa.

Wala sheria za kwetu haziko nyuma kama tunavyodhani. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Septemba 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi wadogo. Mteja yule alikuwa katika ukumbi wa starehe, si faraghani. Kamishna hakushughulika na mahali alipokuwa, alitaka kujua kama aliombwa idhini.

Hilo ndilo swali ambalo Berlin, Paris na London hazijaliandika katika jinai zao kwa ukamilifu. Sheria ya haki ingesema kwa ufupi kwamba kumpiga picha mtu aliye utupu, anayeweza kutambulika, bila ridhaa yake, ni kosa popote alipo, iwe nyuma ya ua au mbele ya bahari. Ingemtwika mpigaji mzigo wa kuthibitisha ridhaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua kuinua kamera. Na ingemwachia jaji kumsamehe aliyepiga mandhari ya mbali akapitiwa na mtu asiyetambulika. Bunge la Uingereza, ambalo limeuacha mlango wazi kuliko wenzake, lina wajibu wa kwanza wa kuufunga.